Programu ya barua pepe inagoma kuingia Gmail wakati nenosiri ni sahihi: tatizo liko wapi?

Chuma_Ofisini ameuliza:

Wakuu, habari za kazi.

Naomba msaada kwa wanaozijua IMAP (njia ya programu kusoma barua zilizo kwenye seva) na OAuth (njia ya kuingia kwa idhini bila kuipa programu nenosiri) kwa undani. Ofisi ina simu 6 za Android, zote zinatumia programu moja ya barua pepe, si ile ya Gmail yenyewe bali ya waundaji wengine. Kila simu ina akaunti mbili ndani ya programu hiyo: moja ya Gmail ya kawaida, nyingine ya domeni ya ofisi inayokaa kwenye cPanel (paneli ya kusimamia seva ya kukodi).

Jumatatu simu moja ilibadilishwa. Kuweka Gmail kwenye simu mpya kukashindikana. Ukigusa kitufe cha Google, ukurasa wa Google unafunguka vizuri, unachagua akaunti, kisha unakutana na "Programu hii imezuiwa" pamoja na maelezo kwamba programu imejaribu kufikia taarifa nyeti. Ikadhaniwa ni nenosiri, kwa hiyo manenosiri ya akaunti nyingine tatu yakabadilishwa kwa tahadhari. Simu hizo tatu nazo zikaacha kupokea. Zinadai kuingia upya, na ukijaribu unaishia kwenye ukurasa ule ule wa kuzuiwa. Kwenye logi ya programu kuna mstari huu: "400 invalid_grant: Token has been expired or revoked".

Simu mbili ambazo hazikuguswa zinapokea na kutuma kama kawaida. Akaunti za domeni hazina shida kwenye simu yoyote. Gmail kwenye kivinjari inafunguka kwa nenosiri lile lile.

Waundaji wa programu wameweka tangazo la sentensi mbili, kwamba wanakamilisha "matakwa ya usalama ya mtoa huduma". Siku hawajataja.

Maswali: kwa nini simu mbili zimesalimika? Kuna njia ya kupokea barua bila kuwangoja? Na kwenye simu mbili kati ya zilizokwama kuna barua ambazo hazijatoka, zitapona?

---

Poti993 amejibu:

Mkuu, kabla ya yote: msibadilishe nenosiri lingine lolote, na zile simu mbili nzima ziacheni kama zilivyo. Usiondoe akaunti, usifute data ya programu, usiondoe programu. Nitaeleza kwa nini.

Kitufe cha Google hakiipi programu nenosiri lako. Nenosiri unaliandika kwenye ukurasa wa Google, kisha Google wanaikabidhi programu tokeni mbili, yaani vibali vya kidijitali. Ya kwanza ni ya kuingilia, maisha yake ni takriban sekunde 3,600, yaani saa moja. Ya pili ni ya kuhuisha, na hiyo ndiyo programu inayoitumia kuomba tokeni mpya kila ile ya saa moja inapokwisha, bila kukusumbua. Tokeni ya kuhuisha inaweza kuishi muda mrefu sana, lakini inakufa kwa sababu zinazojulikana: ukiiondolea programu idhini kwenye akaunti yako, isipotumika kwa miezi 6, au ukibadilisha nenosiri wakati tokeni hiyo imebeba ruhusa za Gmail. Hiyo sababu ya mwisho ndiyo iliyoziua simu zenu tatu, na ndiyo maana ya invalid_grant kwenye logi.

Kwa kawaida ukishabadilisha nenosiri unaingia upya mara moja na maisha yanaendelea. Safari hii mlango wa idhini mpya umefungwa kwa programu hiyo, kwa hiyo aliyetoka hawezi kurudi. Zile simu mbili bado zina tokeni ya zamani iliyo hai. Hazijapita mlangoni tena, basi hazijazuiwa. Mkiziondoa leo zitaungana na wenzake.

Kwa hiyo kosa si la nenosiri wala si la simu. Ni la idhini ya programu yenyewe mbele ya Google, na hakuna kitu utakachobonyeza kwenye simu kitakachoirekebisha.

Kupokea barua bila kungoja kunawezekana kwa nenosiri la programu. Hili ni nenosiri la herufi 16 ambalo Google wanalitengeneza kwa ajili ya kifaa kimoja, na linaingia kwa IMAP ya kawaida bila kupita kwenye kile kitufe. Uhakiki wa programu hauhusiki hapo.

Anza na barua zilizokwama. Barua iliyo kwenye kikasha cha kutoka ipo ndani ya simu tu, seva haijaiona. Ukiondoa akaunti kwenye programu, inapotea na hairudi. Fungua kila moja, nakili maandishi, hifadhi viambatisho kwenye folda ya vipakuliwa vya simu. Kama haina siri na mpokeaji hatajali, badilisha anwani ya mtumaji iwe ile ya domeni, itatoka hapo hapo.

Kisha ingia kwenye Akaunti ya Google kwa kivinjari, sehemu ya Usalama, uwashe Uthibitishaji wa Hatua Mbili. Bila huo ukurasa wa manenosiri ya programu haupatikani. Usitegemee SMS peke yake, kwa sababu laini ikipotea au ukiwa nje ya nchi utabaki nje ya akaunti. Weka pia programu ya kuzalisha tarakimu, na uchapishe ile misimbo mbadala 10 ya tarakimu 8 ikae kwenye droo ya ofisi. Ukitengeneza seti mpya ya misimbo, karatasi ya zamani haina kazi tena.

Halafu nenda myaccount.google.com/apppasswords, andika jina la kifaa, kwa mfano "Simu ya mapokezi", utaonyeshwa herufi 16 katika mafungu manne. Nafasi kati ya mafungu si lazima kuziandika. Linaonyeshwa mara moja tu. Tengeneza moja kwa kila simu, siyo moja kwa zote, ili simu ikiibwa ufute lake pekee.

Sasa kwenye programu. Usiharakishe kuondoa akaunti. Ingia mipangilio ya akaunti, tafuta seva ya kupokea, uone kama njia ya uthibitishaji inakubali kubadilishwa kutoka OAuth2 kwenda nenosiri la kawaida. Programu nyingi nzuri zinakubali, na hapo folda na barua zilizokwama zinabaki salama. Ikikataa, ndipo uondoe akaunti na kuiongeza upya kwa kuchagua IMAP au "nyingine", usiguse kitufe cha Google. Thamani ni hizi:

Kupokea: imap.gmail.com, poti 993, SSL/TLS
Kutuma: smtp.gmail.com, poti 465 kwa SSL/TLS, au poti 587 kwa STARTTLS
Jina la mtumiaji: anwani nzima pamoja na @gmail.com
Nenosiri: zile herufi 16, pande zote mbili

Kwa akaunti binafsi huna haja ya kutafuta swichi ya kuwasha IMAP ndani ya Gmail. Tangu Januari 2025 imeondolewa na IMAP iko wazi muda wote. Maelekezo mengi yaliyozagaa bado yanaitaja, watu wanaitafuta mpaka wanachoka.

Angalizo la bando: ukiongeza akaunti upya, programu inaanza kuvuta barua zote. Weka siku 7 au 30 kwanza, na ile folda ya "barua zote" iondoe kwenye usawazishaji, maana inabeba kila kitu mara ya pili. Gmail nao wana kikomo cha MB 2,500 kwa siku za kupakua kwa IMAP. Ukikivuka akaunti inafungiwa kwa muda, na utadhani tatizo la jana limerudi.

---

Msimbo_Wazi amejibu:

Poti993 amemaliza upande wa mtumiaji. Niongeze kinachotokea upande wa waundaji, maana lile tangazo la sentensi mbili linaficha mambo mengi, na linasaidia kukisia mtangoja kiasi gani.

Google wamegawa ruhusa ambazo programu inaweza kuomba katika ngazi tatu: za kawaida, nyeti, na zenye vizuizi. Kutuma barua tu kupitia API yao (njia ya programu kuomba huduma za Google moja kwa moja) ni ruhusa nyeti. Kusoma barua ni ruhusa yenye vizuizi. Na programu inayotumia IMAP haina uchaguzi: lazima iombe ile ya juu kabisa, https://mail.google.com/, inayoruhusu kusoma, kutuma na kufuta kila kitu. Hakuna IMAP ya kusoma pekee. Ndiyo maana programu ndogo ya barua pepe inapimwa kwa mizani kali kuliko programu ya kalenda.

Sheria hizi zilitangazwa Oktoba 2018 na kuanza kutumika 2019. Muundaji anatakiwa athibitishe kwamba domeni ni yake, awe na sera ya faragha inayoeleza data ya Gmail inatumikaje, na apeleke video inayoonyesha ukurasa wa idhini na matumizi ya kila ruhusa. Huo ni uhakiki, na programu ya umma inayoomba ruhusa hizi haiukwepi.

Juu yake kuna ukaguzi wa usalama, siku hizi unaitwa CASA, uliojengwa juu ya OWASP ASVS, orodha ya vipimo vya usalama wa programu. Huu unamhusu anayepitisha au kuhifadhi data ya Gmail kwenye seva zake, na unarudiwa angalau kila miezi 12. Hapa ndipo tofauti kati ya programu na programu inapozaliwa. Ile ambayo simu yako inaongea moja kwa moja na imap.gmail.com, bila kitu katikati, haidaiwi ukaguzi huo. Ile yenye arifa za papo hapo zinazopita kwenye seva ya kampuni, au inayopanga barua zako "kwenye wingu", inadaiwa, kwa sababu tokeni yako inakaa kwao. Matangazo ya mwanzo yalitaja gharama ya dola 15,000 hadi 75,000 au zaidi kwa ukaguzi. Baadaye njia nafuu zilipatikana, lakini kazi ya kujibu maswali, kurekebisha udhaifu uliokutwa na kungoja barua ya uthibitisho haijapungua kwa timu ya watu wawili watatu. Mimi naona sheria yenyewe ni ya haki. Barua pepe ndiyo ufunguo wa benki, wa mitandao ya kijamii na wa kila "umesahau nenosiri". Kisicho sawa ni waundaji wanaongoja hadi wiki ya mwisho, kisha watumiaji wanaamkia mlango uliofungwa.

Maandishi kwenye skrini yanakwambia wako hatua gani, yasome vizuri:

"Google haijathibitisha programu hii", na chini kuna njia ya kuendelea: uhakiki haujakamilika, na programu ya namna hiyo ina kikomo cha watumiaji 100 kwa maisha yote ya mradi. Ukimaliza hesabu, wapya wanakataliwa.

"Programu hii imezuiwa" bila njia ya kuendelea: ndiyo yenu. Subiri au tumia nenosiri la programu.

"Error 403: disallowed_useragent": haihusiani na uhakiki. Programu inafungua ukurasa wa kuingia ndani ya tumbo lake badala ya kwenye kivinjari, na tangu 2021 Google hawakubali hilo kwa sababu programu mwenyeji inaweza kuchungulia unachoandika. Dawa ni toleo jipya la programu, basi.

Unaingia vizuri, lakini kila baada ya siku 7 unatupwa nje: muundaji ameacha mradi wake katika hali ya majaribio. Tokeni za kuhuisha za hali hiyo zinaishi siku 7 tu. Mwandikie, pengine hajui.

Na jambo moja nalisisitiza kwa sababu wakati kama huu linaumiza watu: msipakue APK (faili la kusakinisha programu ya Android) "iliyorekebishwa" kutoka makundi ya WhatsApp au Telegram. Kitambulisho cha OAuth cha programu ya Android kinafungwa kwa jina la kifurushi na alama ya kipekee (SHA-1) ya cheti kilichoisaini. APK iliyosainiwa na mtu mwingine kwa kawaida itakataliwa. Na kama "inakubali" kwa kukuonyesha ukurasa wake yenyewe wa kuandika nenosiri, basi nenosiri lako limeshakwenda. Ukurasa halali unafunguka kwenye kivinjari na anwani yake inaanza na accounts.google.com.

---

Chuma_Ofisini:

Asanteni sana wakuu. Barua zilizokwama zimeokolewa zote kabla ya kugusa kitu.

Hali sasa: simu mbili kati ya nne zimerudi kwa njia ya nenosiri la programu. Ya tatu inapokea lakini haitumi, inasema "534-5.7.9 Application-specific password required". Ya nne, ukurasa wa manenosiri ya programu unasema mpangilio huu haupatikani kwa akaunti hii, na hatua mbili zimewashwa. Pia kwenye simu zilizorudi kila barua inayotumwa inaonekana mara mbili kwenye zilizotumwa.

---

Poti993:

Ya tatu: umebadilisha seva ya kupokea, ukasahau ya kutuma. Programu nyingi zinahifadhi nenosiri mara mbili, sehemu mbili tofauti. SMTP, yaani njia ya kutuma, bado inapeleka nenosiri la kawaida la akaunti. Ingia seva ya kutuma, weka herufi zile zile 16. Zitofautishe na "535-5.7.8 Username and Password not accepted": 534 ya aina hii inakwambia umeleta nenosiri la kawaida mahali linapotakiwa la programu, ile 535 mara nyingi ni herufi zimekosewa, au nenosiri la programu limeshafutwa. Na linafutwa lenyewe kila mnapobadilisha nenosiri kuu la akaunti. Narudia kwa makusudi: mtu akibadilisha nenosiri kuu, simu yake inakatika tena na anahitaji herufi mpya 16.

Ya nne: angalia njia gani za hatua ya pili zimewekwa. Kama ni funguo za usalama pekee (vifaa vidogo vya kuchomeka), ukurasa haupatikani. Ongeza programu ya tarakimu au arifa ya Google. Kama akaunti iko kwenye Mpango wa Ulinzi wa Hali ya Juu, haupatikani kabisa, na nisingekushauri uondoe ulinzi huo kwa sababu ya programu moja. Tumia programu ya Gmail kwenye simu hiyo kwa sasa. Sababu ya tatu ni kwamba akaunti ni ya kazi au ya shule, hata kama mwenye nayo anaiita "Gmail yangu". Tazama kinachofuata alama ya @.

Barua mara mbili: seva ya Gmail inajiwekea nakala kwenye zilizotumwa kila barua inapopita smtp.gmail.com. Programu yako nayo inapandisha nakala yake. Zima "hifadhi nakala ya barua zilizotumwa" kwenye mipangilio ya akaunti hiyo. Kwa akaunti ya domeni iache imewashwa, maana seva ya cPanel kwa kawaida haifanyi hivyo.

Ukiwa hapo, hakiki pia ramani ya folda. Majina ya folda za Gmail kwenye IMAP yanafuata lugha uliyochagua Gmail. Akaunti yenye lugha ya Kiswahili na yenye Kiingereza hazina majina sawa, na programu iliyokariri jina la Kiingereza itaunda folda mpya ya taka au rasimu pembeni. Chagua folda kwa mkono.

---

Bi_Mtandao amejibu:

Naomba niongeze kuhusu Outlook na Hotmail, kwa sababu atakuja mtu kusoma uzi huu na kutumia dawa ya Gmail kwa ugonjwa wa Microsoft. Dawa hiyo haifanyi kazi huko.

Tangu 16 Septemba 2024 akaunti binafsi za Microsoft, yaani outlook.com, hotmail.com na live.com, hazikubali tena uthibitishaji wa jina na nenosiri kwa programu za barua pepe. Nenosiri la programu la Microsoft nalo ni jina na nenosiri tu, kwa hiyo linakataliwa vile vile. Watu wanalitengeneza, wanaliandika mara kumi, wanaishia kufungiwa kwa majaribio mengi. Njia ni moja: programu inayojua OAuth2. Seva ya kupokea ni outlook.office365.com poti 993 SSL/TLS, ya kutuma smtp-mail.outlook.com poti 587 STARTTLS, na kwenye zote mbili njia ya uthibitishaji iwe OAuth2. Kabla ya hapo ingia Outlook kwa kivinjari, kwenye mipangilio ya barua, hakikisha ruhusa ya vifaa na programu kutumia POP (njia ya zamani ya kupakua barua) au IMAP imewashwa. Tofauti na Gmail, huku swichi bado ipo na mara nyingi imezimwa.

Kwa akaunti za ofisi za Microsoft 365, kuzimwa kwa njia ya zamani kulianza 1 Oktoba 2022 kwa IMAP, POP na nyinginezo, huku kutuma kwa SMTP kukiachwa kwanza nje ya zoezi. Ndiyo maana palikuwa na mashine za fotokopi zilizoendelea kutuma skani wakati simu za ofisi hiyo hiyo zimekufa. Ukiona "535 5.7.139 Authentication unsuccessful, basic authentication is disabled", usihangaike na nenosiri. Mlango huo umefungwa na msimamizi au na Microsoft, na kifaa kisichojua OAuth2 kitafutiwe njia nyingine ya kutuma.

Yahoo wako upande wa Gmail: nenosiri la programu linakubalika, imap.mail.yahoo.com poti 993, smtp.mail.yahoo.com poti 465.

Barua za domeni kwenye cPanel, kama zile za Chuma, haziguswi na sheria hizi kabisa. Zikigoma, tazama cheti cha SSL cha seva na tarehe ya simu. Saa ya simu ikiwa nyuma kwa mwaka, kila cheti kinaonekana batili.

---

Msimamizi_W amejibu:

Kuhusu simu ya nne, kama ni akaunti ya Google Workspace (huduma ya Google kwa kazi au shule): huko mambo yanaamuliwa na msimamizi. Manenosiri ya kawaida kwa IMAP, POP na SMTP yaliondolewa kwenye Workspace mwaka 2025, zikabaki OAuth na manenosiri ya programu pale msimamizi alipoyaruhusu.

Ukiona "Error 400: admin_policy_enforced", programu yenyewe inaweza kuwa imehakikiwa vizuri lakini ofisi yenu ndiyo imeizuia. Msimamizi aingie admin.google.com, Usalama, udhibiti wa ufikiaji na data, vidhibiti vya API, kisha usimamizi wa programu za wengine. Pale anatafuta programu kwa jina au kwa kitambulisho chake cha OAuth na kuipa hadhi ya kuaminika. Halafu sehemu ya Gmail, ufikiaji wa watumiaji, ahakikishe IMAP imewashwa kwa kitengo husika. Kuna chaguo la kuruhusu IMAP kwa programu zilizoorodheshwa tu, na hapo ndipo wengi wanakwama: IMAP inaonekana imewashwa, lakini programu haimo kwenye orodha. Mabadiliko hayashiki papo hapo, yanaweza kuchukua hadi saa 24.

Ombi langu kwa watumiaji: mnapomwandikia msimamizi, pelekeni picha ya skrini nzima yenye namba ya kosa. "Barua pepe haifunguki" haimsaidii, maana makosa yote yaliyotajwa kwenye uzi huu yanaanza kwa maneno hayo hayo.

---

Chuma_Ofisini:

Simu ya tatu inatuma sasa, ilikuwa kweli ni seva ya kutuma. Nakala mara mbili zimeisha. Ya nne ilikuwa na ufunguo wa usalama pekee. Imeongezewa programu ya tarakimu na ukurasa umefunguka.

Swali la mwisho: waundaji wakishamaliza, turudi kwenye kitufe cha Google au tubaki hivi?

---

Poti993:

Rudini. Nenosiri la programu linafungua barua zote bila kuulizwa hatua ya pili, na yeyote atakayelipata anaingia nalo kutoka kifaa chochote. Tokeni ya OAuth ni finyu zaidi, na unaiona kwa jina la programu kwenye myaccount.google.com/connections.

Jaribuni kwanza kwenye ile simu mpya, si kwenye zile mbili nzima. Sasisha programu, badilisha uthibitishaji wa kupokea na wa kutuma kuwa OAuth2, ingia. Mambo mawili ya kuangalia wakati wa kuingia. Kivinjari kikiwa na akaunti kadhaa za Google, chagua ile ile ya anwani uliyoweka kwenye programu, vinginevyo tokeni inakuja ya mtu mwingine na IMAP inajibu "AUTHENTICATIONFAILED" bila maelezo. Na kama ukurasa wa idhini una visanduku vya kuweka tiki, weka tiki kwenye cha kusoma na kutuma barua. Ukikiacha wazi utaambiwa umeingia, lakini barua haziji. Kama ukurasa unakubali kisha haurudi kwenye programu, fanya Chrome au Firefox iwe kivinjari chaguomsingi na urudie.

Ikipokea na kutuma kwa siku moja au mbili, hamisha nyingine tatu, kisha futa yale manenosiri ya programu moja moja kwenye ukurasa ule ule mlikoyatengeneza. Kuyafuta hakuhitaji kubadilisha nenosiri kuu.

Zile mbili nzima hazina la kufanya. Zisasishieni programu tu, tokeni zao zinaendelea.